Wanamieleka Wakubwa wa Kuol

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, binamu yangu alisimama katikati ya waombolezaji, akaikinga simu yake na jua kwa kiganja, akasoma ujumbe wa rambirambi kutoka ng'ambo. Ulikuwa ujumbe mrefu na mtamu. Ulimwita baba "mbia wangu" na "msanii wa utoto wetu sote." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria ya chai, na nilipolisikia jina la aliyeuandika, Kuol, niliiacha chai ifurike mpaka ikazima moto.

Wiki hiyohiyo nilimtafuta Kuol kwenye intaneti. Nikakuta ameandika makala, kwa Kiingereza safi, akiwaeleza vijana wanaoanza biashara kwa nini mradi wake wa kwanza ulianguka. Alikuwa ameziorodhesha sababu. Ya kwanza ilikuwa baba yangu. Hakumtaja kwa jina. Aliandika tu kwamba fundi wa kambini alishindwa kufikia kiwango cha soko la dunia. Kisha akaingia kwenye sababu ya pili kama mtu aliyefunua ukurasa.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua mbili kutoka walipokuwa wakizungumza. Kwa hiyo nitaeleza mimi.

Baba alikuja Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, kutoka Sudan Kusini kabla sijazaliwa, akiwa kijana aliyekuwa amepigana mieleka kwenye kambi za ng'ombe na kushinda mara nyingi kuliko alivyopenda kusema. Kakuma hapakuwa na ng'ombe wake. Palikuwa na vumbi, foleni, na mikebe. Mafuta ya kupikia ya msaada yalikuja kwenye mikebe ya bati inayong'aa, yenye maandishi mekundu na ya buluu, na mafuta yalipoisha watu waliitupa au waliikunjua wakaitumia kuziba paa. Baba alinunua mkasi wa bati, akajifunza kutengeneza majiko, mikebe ya kunywea na vibatari. Na kutokana na vipande vilivyobaki, vile ambavyo fundi mwingine angevifagia, alitengeneza wanamieleka.

Nitamweleza mmoja, maana asiyemshika hamjui. Alitosha kwenye kiganja cha mtoto. Mabega na nyonga zake zilishikwa kwa waya uliopitishwa kwenye tundu la msumari, ukapindwa pande zote mbili, kwa hiyo mikono na miguu ilicheza. Mgongoni alikuwa na kishikio chembamba. Mtoto mmoja alimshika wake, mwingine wake, wakawakutanisha vifua juu ya mchanga, wakawatikisa mpaka mikono ya bati ikumbatiane na kukwamana, na yule ambaye mgongo wake uligusa chini alikuwa ameanguka. Kabla ya kumtoa, baba alimpaka majivu ya jikoni, kama wapiganaji wenyewe wanavyojipaka. Alinuka majivu na mafuta yaliyooza kidogo na bati la moto. Mpaka leo, nikipita mahali wanapokata bati juani, mkono wangu hufumba wenyewe.

Hakuwauza kwa watoto. Mtoto alileta mkebe mtupu, baba alichukua bati alilolihitaji, na mtoto aliondoka na mwanamieleka. Kifuani alikuwa na herufi yoyote iliyoangukia hapo, nzima au nusu, na watoto waliwaita kwa herufi hizo. Wasomali, Wakongo, watu wetu, watoto wa Kiturkana waliokuja na mama zao waliouza makaa, wote walijua kwamba O alikuwa mgumu kuanguka na kwamba nusu ya M alikuwa mlaghai. Mshindi alizungushwa kwenye laga, ule mto wetu usio na maji, huku tukiimba.

Kuol alikuwa mmoja wa watoto wa kwanza kupewa. Alikuwa yatima, aliishi na shangazi yake nyumba tatu kutoka kwa baba, na akiwa na miaka sita au saba alipelekwa ng'ambo na huyo shangazi. Hayo yote nilisimuliwa. Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza aliporudi akiwa mtu mzima, akajikunja mara mbili kupita mlango wetu. Sikuwahi kumwona mtu mrefu namna ile, na sisi si watu wafupi. Viatu vyake vilinishangaza zaidi. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo lilinitawala kwa miezi: kwamba ng'ambo watu hukua bila kikomo. Nilikuwa na ushahidi. Viatu vya mitumba vilivyoletwa kambini vilikuwa vikubwa kupita miguu ya mtu yeyote niliyemjua, na makoti yalimfika mama kwenye vifundo. Nchi nzima ya majitu, nikawaza, na Kuol ndiye aliyekuwa mdogo wao, ndiyo maana walimtuma.

Alikuwa amesahau lugha yetu, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kile kibovu cha kambini ambacho wote wawili walikuwa wamekiokota vumbini. Baba alifurahi. Alimkalisha kwenye kitanda cha kamba, akaingia ndani, akatoka na mwanamieleka mpya, akamwekea kiganjani.

Kuol alimtazama, akamgeuza, na uso wake ukashuka.

"Uncle, si huyu."

"Ni huyu."

"Yangu ilikuwa kubwa. Nilikuwa nabeba hivi." Akakunja mikono yote miwili kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga.

Baba akatabasamu. "Kuol, ni wewe ulikuwa kidogo."

"Hapana, Uncle. Nakumbuka vizuri sana. Nimeota hiyo kitu miaka yote."

Baba akatoa kipande cha katoni alichokuwa akikitumia kuchorea, kimeliwa na mchwa ukingoni, akakiweka juu ya mwanamieleka. Vililingana. "Hii katoni ni ileile," akasema. "Hata wewe nilikatia hapa."

Kuol hakukitazama kile kipande. Alikuwa ameshaanza kueleza. Ng'ambo, alisema, kulikuwa na maelfu ya watu waliokulia kambini. Sasa wana kazi, wana nyumba, wana sebule zenye rafu, na kwenye rafu hizo hakuna hata kitu kimoja kutoka utoto wao, kwa sababu walitoka bila kitu. Atawauzia utoto wao. Mwanamieleka mkubwa, wa kumfika mtu kiunoni, aliyesimama vizuri, wa kuwekwa ili mgeni akiingia aulize. Baba atakuwa mbia. Watafungua karakana Lodwar, kwenye umeme na uwanja wa ndege.

Alipomaliza, macho yake yalikuwa na machozi, na ninaamini yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa tapeli ningemsahau.

Ili mkimbizi aende Lodwar alihitaji kibali cha kusafiri, na Kuol aliandika barua ya kukiomba. Shule zilikuwa zimefungwa, mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo baba alinichukua. Tulikaa katika chumba cha mawe nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na chumba hichohicho ndicho kilikuwa karakana. Mwenye chumba alikuwa Mama Ekiru, mwanamke wa Kiturkana mwenye shanga nzito shingoni na sauti iliyofika barabarani. Kila asubuhi alisukuma mlango bila kubisha, akatusalimu kwa Kiturkana.

"Ejok?"

"Ejok-noi," mimi na baba tulimjibu pamoja, na alicheka kila mara jinsi baba alivyolitamka.

Niliipenda Lodwar. Nilipenda kuuona mto Turkwel wenye maji ndani yake, na mikoma iliyosimama ukingoni, na soda iliyotoka kwenye barafu. Karakanani sipendi kupakumbuka. Mikebe ya mafuta ilikuwa midogo mno kwa kazi ile, kwa hiyo Kuol alileta mabati mapya ya kuezekea, meupe, yasiyo na herufi. Baba alikata wa kwanza. Mkono mmoja wa mwanamieleka ulikuwa na urefu wa mkono wangu. Alipouning'iniza kwenye waya, uzito wake ulilipanua tundu, bati likachanika, na mkono ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Akajaribu waya mnene. Akajaribu kukunja bati mara mbili begani. Mkono ukashika, lakini sasa haukucheza. Ulining'inia tu kama wa mtu aliyevunjika.

"Chomelea," akasema Kuol. "Tusimamishe mikono juu, kama anaingia kupigana. Ikae hivyo."

"Ikikaa hivyo hatashika mwenzake."

"Hashiki mtu, Uncle. Anasimama kwenye rafu."

"Basi si mwanamieleka."

Kuol akamwekea mkono begani, kwa upole ule ambao mtu huutumia kwa mzee anayesahau mambo. "Niachie hiyo. Mimi najua watu wangu wanataka nini."

Nilimtazama baba nikingoja amjibu. Nyumbani alikuwa mtu wa kujibu. Lakini aliokota mkasi, akaendelea kukata, na mimi nikadhani amekubali. Niliona hata fahari: baba yangu anatengenezea majitu vitu vya kuchezea. Sasa nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao siku ile, na najua kunyamaza kule kulikuwa nini. Kibali chake kilitegemea barua ya Kuol. Kodi ya chumba ilikuwa ya Kuol, bati la Kuol, umeme wa Kuol. Na juu ya yote, mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa mtoto wa jirani, yatima, aliyesema kwa machozi kwamba kile kidude cha bati ndicho kitu pekee alichokipenda utotoni. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba anachokipenda hakijawahi kuwepo?

Majivu nayo yaliondolewa, kwa sababu yalipukutika na kuchafua katoni. Wakapulizwa rangi nyeusi ya kung'aa. Kifuani, Kuol alitoboa karatasi ngumu na kupiga rangi herufi zilezile kwa wote, K-A-K-U-M-A, zimenyooka. Wakapangwa ukutani safu kwa safu, na chumba kikanuka rangi mpaka tukawa tunalala na mlango wazi.

Asubuhi moja Mama Ekiru alisukuma mlango, akasimama. Hakusalimia. Aliwatazama wale watu weusi wa bati, mikono yao yote imeinuliwa juu ya vichwa.

"Hawa wamekosa nini?" akauliza.

Baba akainua uso.

"Wanasimama kama watu wameshikiwa bunduki," akasema. "Hivi ndiyo watu walisimama ile siku wezi wa mifugo walitupata kule Kerio. Hivi, hivi." Akainua mikono yake kuonyesha, na shanga zikalia. Kisha akaishusha haraka, kama aliyejiona.

Baba aliweka nyundo chini. Aliwatazama wanamieleka wake mmoja mmoja, mstari mzima, na nikamwona akiona. Jioni Kuol alipokuja, alimweleza. Alimweleza vizuri, bila hasira, akamwomba wabadilishe: mikono ishuke, magoti yakunjwe kidogo. Kuol akasema picha zimeshawekwa kwenye intaneti, oda zimeshaingia, katoni zimeshakatwa kwa vipimo hivyo. Akasema Mama Ekiru ni mwenye chumba, si mteja.

Katoni za kwanza zikaondoka kwa ndege. Nilizipungia mkono. Nilimwazia mtoto jitu akifungua yake, akimshika mwanamieleka kwa kidole na gumba.

Majibu yalianza kurudi kabla shule hazijafunguliwa. Kuol aliyasoma kwenye simu akitembea huku na huku kati ya mlango na ukuta, mwanzoni kimoyomoyo, halafu kwa sauti, kwa sababu alitaka baba ayasikie. Mtu mmoja aliandika kwamba mikono haichezi, na je, kuna kasoro? Mwingine alisema amemweka uani kwa sababu anamtisha bintiye. Mwanamke mmoja aliandika sentensi ambayo Kuol aliisoma mara mbili, ya pili polepole: "Huyu simjui. Yule wetu nilikuwa nalala naye mkononi." Na wa mwisho, mwanamume, aliuliza swali moja tu: kwa nini mmemfanya asalimu amri?

Hawa walikuwa watu waliokimbia. Baadhi yao walikuwa wamewaona baba zao wakisimama hivyohivyo ukutani. Walilipia kitu cha kuwarudishia siku ambazo walicheza, na wakafungua katoni wakakuta kitu walichokikimbia, chenye kimo cha kiuno, kimeandikwa jina la kambi kifuani. Hiyo ndiyo sababu, Kuol. Iandike kwenye orodha yako. Uliziamini kumbukumbu zako kuliko mikono ya aliyekitengeneza kile kitu, akiwa hai, mbele yako, ameshika katoni ya kipimo. Ulipokuwa mdogo dunia nzima ilikuwa kubwa, na uliporudi ukataka kila mtu aivute hadi ifikie saizi ya kiatu chako.

Lakini siku ile hakuna aliyemwambia. Kuol aliizima simu, akakaa juu ya gunia la saruji.

"Uncle, nitasema ukweli. Kazi haikuwa safi. Viungo vimetuangusha."

Baba akasema, "Viungo?"

"Ungenieleza mapema kwamba huwezi."

Nilimsubiri baba amkumbushe. Alifungua mdomo, akanitazama mimi juu ya ndoo yangu, akaufunga. Pengine hakutaka nimwone akijitetea mbele ya kijana. Kuol alisema anakwenda Nairobi kuonana na watu, atarudi wiki ijayo. Aliinama kupita mlangoni. Hakurudi. Kibali cha baba kilikuwa kimebakiza siku chache, na hapakuwa na barua ya kukiongeza.

Mama Ekiru hakutufukuza. Alitutafutia lori la mwanawe wa kambo lililokuwa likienda Lokichoggio na kupita Kakuma. Baba aliwapandisha wanamieleka waliobaki nyuma, akawafunga kamba, na sisi tukakaa katikati yao. Kwenye kizuizi cha polisi askari kijana alizunguka nyuma ya lori, akakuta kundi la watu weusi wameinua mikono, na mzee mmoja na msichana wamekaa kati yao.

"Mzee, hawa umewateka wapi?" Wenzake wakacheka.

Baba akampa kibali. Askari akakisoma, akakirudisha, akagonga kifua cha mwanamieleka mmoja kwa ukucha.

"Ni nini hii?"

"Kitu ya kuchezea."

"Kuchezea? Mtoto gani anacheza na hii?"

Baba akakikunja kibali. Nikaona aibu kwa ajili yake, na kwa kuwa nilikuwa na jibu, nilisimama nikalitoa, kwa sauti ya darasani: "Ni ya watu wa ng'ambo. Huko watu ni wakubwa sana."

Walicheka mpaka mmoja akashika ubao wa lori. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alinipa biskuti. Mimi pia nilianza kucheka, nikamgeukia baba nicheke naye, na nikauona uso wake. Pale pale, bila kuambiwa, nilijua kwamba hakuna nchi ya majitu. Kwamba hapakuwa na mtoto yeyote, mahali popote, ambaye vile vitu vilimtosha, na kwamba baba yangu alikuwa amelijua hilo tangu bati la kwanza. Niliishika biskuti mpaka Kakuma bila kuila.

Nyumbani mama alimwona akishuka, akaona alichobeba, akaenda kuweka maji ya chai bila kuuliza. Kesho yake baba alikaa mbele ya nyumba na mkasi. Alianza na mikono. Aliikata yote kwanza, kundi zima, kisha akafungua vifua, akavinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Kwa siku nyingi mtaa wetu ulisikia nyundo ile tu. Akatengeneza majiko, akatengeneza vifuniko vya mapipa, akatengeneza mabirika ya kunyweshea kuku. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilipikia majiko yenye KAK au UMA ubavuni, meusi ya kung'aa, mpaka moto ulipobabua rangi.

Watoto walikuwa wamemngoja. Likizo nzima walikuwa wameweka mikebe. Walikuja wawili watatu, wakaisimamisha mbele yake kama kawaida, wakasubiri. Akawaambia hana nafasi. Wakarudi kesho. Mimi mwenyewe niliwatetea. Nilimwambia, "Baba, mmoja tu. Yule wa zamani, mdogo."

Aliendelea kupiga nyundo. Kisha akasema, kwa lugha yetu, taratibu, "Nimesahau alikuwa na ukubwa gani."

Nilikuwa mtoto, nikamwamini. Nilidhani kweli kwamba mtu anaweza kumtengeneza mkubwa mara nyingi mpaka akampoteza mdogo. Leo simwamini. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile na hakuwahi kukosea kipimo cha kitu chochote. Alikuwa amekataa, na huko ndiko kukataa pekee alikobakiwa nako.

Mwisho alikuja mtoto mmoja wa Kikongo, mgeni kambini, ambaye alikuwa amesikia tu habari za wanamieleka. Alikuwa na mkebe mpya kabisa, ameung'arisha kwa mchanga. Baba alisogeza nyundo kando. Akauchukua, akaukata, akakunja, akagonga ukingo, na katika nusu saa akampa kikombe kizuri, laini mdomoni, chenye herufi O nyekundu ubavuni. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza huku, akakigeuza kule, akatazama ndani yake. Kisha akachuchumaa kando ya mguu wa baba, kikombe mapajani, akamngoja amalizie mikono na miguu.